Mtoto akikutwa na tatizo la lugha: Mzazi hupitia nini, na afanye nini?

Mtoto ana miaka mitano. Anakimbia na wenzake, anapanda mwembe, anajua mbuzi yupi ni wa nani. Lakini ukimwambia, "Nenda jikoni ulete kikombe na kijiko, umpe bibi," anarudi na kikombe, anasimama katikati ya uwanja, anakutazama. Ukimuuliza jana alikwenda wapi na baba yake, anajibu neno moja au mawili tu: "Gulio. Ng'ombe."

Mama yake ameliona jambo hilo tangu mtoto ana miaka miwili. Mama mkwe akamwambia asubiri, hata baba wa mtoto alichelewa kusema. Jirani akashauri mtoto akatwe kilimi. Mwalimu wa darasa la awali akasema mtoto ni mkaidi, hasikii anachoambiwa. Siku mtaalamu hospitalini anapomwambia, "Mtoto wako ana tatizo la ukuaji wa lugha," mama hajui kama acheke au alie.

Mfano huu tumeutunga, lakini wazazi wengi wataona humo sura ya nyumba yao. Katika makala haya tunaeleza tatizo hili ni lipi, mzazi hupitia mambo gani kabla na baada ya kupata jibu, na nini kinaweza kufanyika hata pale mtaalamu alipo mbali na kijiji.

Ni tatizo gani hasa?

Tatizo la ukuaji wa lugha ni hali ambapo mtoto anapata shida kubwa kuielewa lugha au kuitumia, na shida hiyo haimwishii kadiri anavyokua. Hospitalini unaweza kusikia likitajwa kwa herufi tatu: DLD. Ziandike mahali, zitakusaidia ukienda kwa mtaalamu mwingine.

Jina hilo ni jipya. Kwa miaka mingi kila daktari na kila nchi ilikuwa na jina lake kwa hali hii. Mwaka 2017 kundi la wataalamu zaidi ya 50, likiongozwa na Profesa Dorothy Bishop wa Uingereza, lilichapisha makubaliano ya kutumia jina moja. Kwa hiyo mzazi aliyepewa majina mawili tofauti katika hospitali mbili asidhani lazima mmoja wao amekosea. Huenda wote walikuwa wanazungumzia kitu kile kile.

Si tatizo la nadra. Uchunguzi uliofanywa Surrey, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2016 uliona kwamba karibu watoto 7 kati ya kila 100 wanaoanza shule wana tatizo kubwa la lugha lisilotokana na ugonjwa mwingine unaojulikana. Hiyo ni sawa na watoto wawili katika darasa la watoto 30. Hizo ni hesabu za Uingereza, lakini zinatosha kumwonyesha mzazi kwamba mtoto wake hayuko peke yake.

Watu hulipita bila kuliona kwa sababu mtoto haonekani mgonjwa. Anatembea vizuri, anacheza, anacheka. Shida iko kwenye maneno. Anajifunza maneno mapya polepole kuliko wenzake. Anasahau majina ya vitu anavyoviona kila siku na kusema "kile, kile pale". Akipewa agizo lenye sehemu tatu, anashika moja. Akisimulia jambo, huwezi kujua nani alifanya nini.

Kwa mtoto anayekua na Kiswahili, angalia sana vitenzi. Neno moja kama "nilimpa" limebeba mambo manne: mimi, wakati uliopita, yeye, na kutoa. Watoto wadogo wote huanza kwa kuacha vipande vya mwanzo na kusema "pa" au "kula" tu. Hilo ni kawaida. Linakuwa jambo la kuangaliwa pale ambapo watoto wa rika lake wamekwisha kuviunganisha vipande hivyo zamani, naye bado anasema "mimi pa yeye".

Isichanganywe na mambo haya

Jambo la kwanza ni kusikia. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuipata lugha ya kusemwa kama wenzake, na usikivu unaweza kupungua kwa sababu ya maradhi ya masikio yanayojirudia. Ndiyo maana mtaalamu makini huanza na kipimo cha masikio. Mtoto kugeuka ukipiga sufuria hakutoshi kuthibitisha kwamba anasikia. Anaweza kuusikia mshindo na bado asizisikie sauti ndogo ndogo za maneno.

Jambo la pili ni usonji, kupooza ubongo, na madhara ya magonjwa makali ya utotoni. Utafiti uliofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, umeonyesha kuwa baadhi ya watoto waliopona malaria kali iliyopanda kichwani hubaki na shida za lugha. Watoto hawa nao wanahitaji msaada wa lugha, lakini daktari lazima aijue historia hiyo. Kama mtoto wako aliwahi kupata degedege au kupoteza fahamu, usiache kusema.

Jambo la tatu ni kigugumizi. Mtoto mwenye kigugumizi anajua anachotaka kusema, ila maneno yanakwama au yanajirudia. Hilo ni jambo jingine, na lina msaada wake.

Halafu kuna udata, yaani kile kiutando cha chini ya ulimi, na kuna kilimi cha kooni. Udata uliobana unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya sauti. Hauwezi kumfanya asielewe maneno, wala asijue kupanga sentensi. Kumkata mtoto kilimi nyumbani hakumfundishi kusema. Kunaweza kumletea kuvuja damu nyingi na maambukizi, hasa kifaa kikiwa kimetumika kwa watoto wengine.

Njia ndefu ya kupata jibu

Wazazi wengi husema kwamba kipindi kigumu kuliko vyote ni kile cha kabla ya jibu. Unaona jambo, lakini kila unayemwambia anakutuliza: "Atasema tu." Maneno hayo wakati mwingine ni ya kweli. Watoto wengi wanaochelewa kusema wakiwa na miaka miwili huwafikia wenzao baadaye bila tiba yoyote. Lakini si wote. Mtoto anayefika miaka mitano akiwa bado na shida kubwa, mara nyingi shida hiyo huendelea naye. Kwa hiyo kusubiri bila kumpima ni kubahatisha.

Hizi ni dalili za kumpeleka mtoto apimwe:

- Mwaka mmoja: hageuki akiitwa jina, wala hatoi sauti za kitoto kama "bababa" au "mamama".
- Mwaka mmoja na nusu: hana neno hata moja, wala haonyeshi kwa kidole anachotaka.
- Miaka miwili: haunganishi maneno mawili, kama "maji taka" au "baba njoo".
- Miaka mitatu: watu wasio wa nyumbani hawaelewi sehemu kubwa ya anachosema.
- Miaka minne: hajengi sentensi ya maneno manne au vipande vinavyolingana na hivyo.
- Miaka mitano: hawezi kusimulia kisa kifupi chenye matukio mawili yanayofuatana.

Kuna dalili moja isiyosubiri umri. Mtoto aliyekuwa na maneno akiyapoteza, mpeleke hospitali mara moja.

Safari kwa kawaida huanzia kwenye zahanati au kliniki ya watoto. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali yenye kitengo cha masikio, pua na koo ili masikio yapimwe. Kisha ulizia mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Nchini Kenya wazazi huelekezwa pia kwenye vituo vya tathmini ya elimu vinavyojulikana kwa herufi EARC. Afrika Mashariki wataalamu hawa bado ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2008, na wengi wao hufanya kazi mijini. Kwa mzazi wa kijijini hiyo maana yake ni nauli, siku mbili tatu za kazi zilizopotea, na pengine kulala kwa ndugu.

Basi safari hiyo moja ifanye iwe na faida. Beba kadi ya kliniki. Beba pia simu yako, kwa kuwa mtoto akifika mbele ya mgeni aliyevaa koti jeupe mara nyingi hunyamaza kabisa. Wiki moja kabla, mrekodi akicheza na wenzake, akila, akikusimulia jambo. Dakika mbili mbili zinatosha. Andika, au mwombe mtu akuandikie, maneno yote anayoyasema.

Usidhani kwamba kwa kuwa hukusoma sana maelezo yako hayana uzito. Huko huko Kilifi watafiti, akiwamo Katie Alcock wa Uingereza, walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama. Akina mama, wengi wao wasiojua kusoma, waliulizwa kwa mdomo mtoto anaelewa maneno gani na anasema yapi. Ilionekana kuwa maelezo ya mzazi wa aina hiyo yanaweza kutegemewa. Anayekaa na mtoto ndiye anayemjua.

Siku ya kupewa jibu

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku hiyo mambo mengi huja kwa pamoja, tena yanapingana.

Wa kwanza kuja mara nyingi ni unafuu. Kumbe mtoto si mkaidi, kumbe mimi si mwehu, nilichokiona kipo kweli. Kisha huja huzuni, kwa sababu ile "atasema tu" imeondoka. Wengine hukasirika: miaka mitatu nilizungushwa, nani atanirudishia? Wengine hukataa jibu na kuanza kuzunguka kwa waganga wakitafuta atakayesema vingine.

Na wengi, hasa akina mama, hujilaumu. Nilikula nini wakati wa mimba? Nilimwacha mno na dada yake? Ni ile siku alipoanguka? Nyumbani nako maneno hayakosi. Upande wa baba husema kwao hakuna watoto wa namna hiyo. Wapo wanaotaja laana.

Hapa lazima tuseme wazi. Tatizo hili linahusiana na namna ubongo wa mtoto unavyokua, na mara nyingi lipo katika ukoo, likipita kwa baba au kwa mama. Hakuna jambo moja ambalo mzazi alilifanya likalileta. Halitokani na kumbeba sana mtoto mgongoni, wala na mama kurudi shambani mapema, wala na kutosema naye vya kutosha. Ukichunguza vizuri, unaweza kukuta baba mwenyewe, au mjomba, alipata taabu ya kusoma na kujieleza utotoni, akaitwa mjinga, na hakuna aliyemsaidia.

Baba naye hupitia yake. Wapo wanaonyamaza na kumwachia mama kliniki yote. Mara nyingi hawajakataa kusaidia, hawakuwapo tu mtaalamu alipoeleza. Kama inawezekana, nendeni wawili. Ikishindikana, mwombe mtaalamu akuruhusu urekodi maelezo yake kwenye simu, ili baba na bibi wayasikie kwa sauti yake na si kwa mdomo wako. Hilo peke yake limemaliza ugomvi katika nyumba nyingi.

Malalamiko mengine ya wazazi, hapa na nchi za mbali, ni kwamba walipewa jina la tatizo wakaondoka bila kujua kesho wafanye nini. Kabla ya kuinuka kwenye kiti, uliza haya:

- Mtoto wangu shida yake kubwa ni kuelewa, kusema, au vyote viwili?
- Masikio yake yako sawa?
- Nifanye nini nyumbani kila siku? Naomba unionyeshe hapa hapa.
- Nirudi lini, na kama siwezi kurudi nikupigie?
- Naomba barua ya kumpelekea mwalimu.

Je, tuache kilugha?

Swali hili huwatesa wazazi wa vijijini. Nyumbani mnaongea Kisukuma, Kihehe au Kigogo, shule ni Kiswahili. Mtu anakuja na ushauri: acheni kilugha, mnamchanganya mtoto.

Lugha mbili hazisababishi tatizo hili. Mtoto mwenye DLD ana shida katika lugha zake zote. Mtoto ambaye kwao wanaongea Kisukuma vizuri kabisa, lakini Kiswahili ndiyo kwanza anakianza shuleni, hana tatizo la lugha. Anahitaji muda tu. Kwa hiyo mtaalamu anapaswa kuuliza mtoto anafanyaje katika lugha ya nyumbani, na kama yeye haijui, wewe ndiye wa kumweleza.

Ukiiacha lugha unayoijua vizuri ukaanza kumsemesha kwa lugha unayoibabia, mtoto atapata maneno machache na hadithi chache. Tena atatengwa na bibi na babu, ambao ndio wenye muda wa kuzungumza naye. Semeni naye kwa lugha inayowatoka moyoni.

Kazi ya nyumbani haihitaji pesa

Mtaalamu unaweza kumwona mara moja kwa miezi mitatu. Wewe uko naye kila siku, mkipukuchua mahindi, mkienda kisimani, mkisubiri ugali uive. Hapo ndipo pa kufundishia.

*Fuata anachokitazama.* Akiangalia kuku, zungumzia kuku. Usimvute kwenye jambo lako.

*Mrudishie sentensi ikiwa kamili.* Akisema "Mbuzi kula," wewe sema, "Eeh, mbuzi anakula majani." Usimwambie amekosea, wala usimlazimishe arudie. Atalisikia umbo sahihi mara nyingi, na taratibu litakaa.

*Subiri.* Ukimuuliza jambo, hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujasema tena. Anatafuta neno. Ukimkatiza, analipoteza. Waombe na kaka na dada zake wasimjibie.

*Gawa maagizo.* "Lete kikombe." Akileta: "Haya, lete kijiko." Akileta: "Mpe bibi." Tumia na mikono yako kuonyesha.

*Rudia neno jipya mara nyingi katika mambo tofauti.* Neno "loweka" alisikie mnapoloweka nguo, mnapoloweka maharage, mnapoloweka mihogo. Watoto hawa wanahitaji kulisikia neno mara nyingi zaidi kuliko wenzao.

*Simulia.* Hadithi ile ile ya sungura kila jioni haimchoshi mtoto, inamjenga. Siku moja simama katikati, umwachie amalizie.

Yapo na ya kuacha. Usimwite "bubu" hata kwa utani. Usimnyime chakula mpaka aseme "naomba". Usimchape kwa kutofuata agizo kabla hujajua kama alilielewa.

Mwalimu aambiwe

Shule ndiyo mahali ambapo mtoto huyu anaweza kuumia zaidi. Darasani watoto 70, mwalimu anatoa maagizo mara moja kwa sauti. Mtoto anatazama mwenzake anafanya nini, anaiga, anakosea, anachapwa. Kusoma na kuandika kunamwia vigumu, kwa sababu kunajengwa juu ya lugha ya kusema. Baada ya muda ananyamaza kabisa, au anaanza vurugu, au anatoroka.

Mpelekee mwalimu ile barua, na umweleze kwa maneno mepesi: mtoto huyu si mkaidi wala si mvivu, maneno mengi kwa mpigo yanampita. Mwombe mambo machache yanayowezekana hata katika darasa kubwa. Akae mbele. Agizo apewe kwa vipande. Mwalimu amuulize, "Nimesema ufanye nini?" badala ya "Umeelewa?", maana mtoto yeyote atajibu "Ndiyo". Apewe muda zaidi wa kujibu, na asichekwe.

Kwa Tanzania, mzazi ajipange pia kwa mabadiliko ya kuingia sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Ni mzigo kwa kila mtoto, na kwa huyu ni mzito zaidi. Walimu wa shule mpya waambiwe mapema, wasianze upya kumwita mjinga.

Je, atapona?

Mtaalamu mkweli hatakuahidi kwamba tatizo litaisha. Kwa watu wengi hubaki kwa namna fulani hadi ukubwani. Hakuna dawa ya kunywa wala sindano yake, na anayekuuzia dawa ya kumfungua mtoto mdomo anakula pesa yako.

Lakini mtoto anayesaidiwa huongeza maneno, hujifunza kujieleza, na hujifunza kusema "sijaelewa, nirudie". Huyo ni tofauti na mtoto aliyekua akiamini kwamba hana akili. Kuna kazi nyingi za mikono na za biashara ambazo mtu mwenye DLD huzifanya vizuri, ili mradi utotoni asivunjwe moyo.

Turudi kwa yule mama. Jibu alilopewa hospitalini halikumbadilisha mtoto wake. Jioni ile alikuwa yule yule aliyeamka naye asubuhi. Kilichobadilika ni kwamba sasa anajua kwa nini kijiko hakikuletwa. Kesho ataagiza kikombe kwanza.